Mwaka Aliozaliwa Mama

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa sita. Mvua nyembamba ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua isiyojaza ndoo wala kuacha nguo zikauke, na upepo ulikuwa wa baridi hata watu walitembea wameficha mikono kwapani. Katika foleni ya ofisi ya malalamiko ya mitandao, fundi cherehani alikuwa mtu wa kumi na nne. Cheti cha kuzaliwa cha binti yake alikitia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko akauzungushia kitambaa, kitambaa akakilaza kwenye mkoba kama mtu aliyebeba mayai.

Alikuja kwa jambo moja. Kulikuwa na video ya binti yake kwenye simu za watu, na alitaka itolewe kabla ya Ijumaa.

Ijumaa saa sita mchana usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi ungefungwa. Kila mtahiniwa alitakiwa apigwe picha ya uso, palepale shuleni, mbele ya kitambaa cheupe. Asiye na picha hapati namba, na asiye na namba haingii kwenye chumba cha mtihani. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Pini, kwa sababu alipoanza kutambaa alikuwa akiokota pini zote zilizoanguka chini ya cherehani na kumkabidhi mama yake moja moja. Sasa Pini alikuwa na wiki ya pili hajakanyaga shule, na alikuwa ameapa kwamba hakuna kamera itakayomwona tena mpaka ile video itoke.

Ofisa wa dirisha la tatu alikuwa kijana mwenye mafua. Alijifuta pua, akaomba radhi. "Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya ile sheria."

"Ipi?"

"Ya kuwalinda watoto mitandaoni. Ilisomwa redioni. Wakasema mzazi akija na cheti cha mtoto, kampuni inaondoa picha ndani ya siku mbili."

"Saa arobaini na nane," ofisa alisema kwa fahari kidogo, maana alikuwa amehudhuria semina ya sheria hiyo na bado aliiamini. "Umefika penyewe. Hebu nione."

Aliitazama video bila kuifungulia sauti, na fundi alimshukuru Mungu moyoni kwa heshima hiyo ndogo. Kisha ofisa aliuliza ilianzia kwenye akaunti gani. Fundi akamtajia. Kijana akaandika, akasubiri, akapiga chafya.

"Mwenye akaunti ana miaka thelathini na minane."

"Huyo ni mimi. Mwaka ni wangu, lakini akaunti ni ya mtoto. Yeye ndiye anayejua mambo hayo. Simu ilipouliza mwaka wa kuzaliwa akaweka wake, ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Nikamwambia, weka wa mama yako, nani atatuuliza?"

"Ndiyo tunauliza sasa, mama."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Ofisa akageuza kompyuta ili fundi aone, ingawa hakuna alichoona zaidi ya mistari. Akamweleza taratibu. Kama akaunti ingekuwa ya mtoto, sheria ingewaamuru wenye mtandao waifute. Lakini hii ilikuwa akaunti ya mtu mzima, ameweka video kwa biashara yake, na ndani yake yupo mtoto ambaye mzazi wake ameridhia.

"Mzazi gani ameridhia?"

"Wewe. Umejiomba ruhusa mwenyewe, ukajipa."

"Mwanangu, watu tusiowajua wameichukua. Wameikata, wameitia muziki. Chini yake wameandika maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele yako."

"Nimeyaona, mama. Pole sana." Aliinamisha kichwa, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. "Njia ipo. Fomu namba saba. Unakiri kwamba akaunti ni ya mtoto na kwamba umri uliudanganya wewe. Unaapa kwa wakili, unaniletea. Ukishakiri, anakuwa mtoto mbele ya sheria, na saa zinaanza kuhesabiwa."

"Akishakuwa mtoto, mimi nakuwa nani?"

Ofisa alitafuta leso ambayo tayari alikuwa ameishika. "Mkosaji, mama. Ni faini au miezi sita. Mara nyingi huwa faini, na kuitwa ustawi wa jamii."

*

Chumba chao kiligawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kitanda cha wazazi. Upande wa pili kitanda cha Pini na vitabu vyake vilivyopangwa juu ya sanduku. Jioni hiyo pazia lilikuwa limefungwa, na nyuma yake hapakusikika hata ukurasa ukifunuliwa.

"Wifi, mimi sisemi kitu," alisema dada wa mume, ambaye alikuwa akisema tangu saa kumi. "Mimi ni mgeni tu hapa. Lakini mtoto wa kaka yangu kupandishwa kwenye stuli kama sanamu la dukani, kwetu hatukuzoea."

"Ulipoiona mara ya kwanza ulisema nini, wifi? Ulisema, jamani Pini anajua kucheka! Ukawapelekea wenzako wote wa kikundi."

"Niliwapelekea ili nikuinulie biashara!"

"Na mimi niliiweka kwa ajili ya hiyohiyo biashara. Basi tukae sote kimya."

Video yenyewe ilikuwa ya dakika mbili. Wateja wa mbali walikuwa wakiagiza sare za shule na kutuma vipimo vya kubuni, nguo zinafika, hazipiti kichwani. Fundi akaona awafundishe kupima watoto wao nyumbani. Alimsimamisha Pini kwenye stuli akiwa amevaa sare yake, akamzungushia futi la kupimia, akasoma kwa sauti kama alivyosoma miaka yote ili Pini au mtu mwingine aandike kwenye daftari: "Mabega thelathini na nne. Kiuno sitini na moja. Urefu themanini na tisa." Futi lilipomfikia kiunoni Pini alitekenywa, akacheka, akajikunja. Siku hiyo alikuwa amesema, "Mama, leo sitaki, nywele zangu hazijasukwa," na mama yake akamjibu, "Dakika mbili tu, unaringa nini?"

Watu wasiojulikana walikata kile kipande cha kucheka tu. Wakakirudia na kukirudia, na sauti ya mama yake ikawa inasema sitini na moja, sitini na moja, juu ya ngoma. Shuleni hakuna aliyemwita Pini kwa jina lake tena. Alikuwa Sitini na Moja.

Baba aliingia akiwa bado na sare za ulinzi. Alilinda mlango wa benki mchana, kazi ya kusimama na kuwaambia watu wavue kofia. Alimwamkia dada yake, akakaa kwenye kitanda, akaanza kufungua kamba za buti na kuishia njiani.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

"Leo karani wa dirisha la pili kaniita. Afande, njoo hapa ucheke." Alizungumza na buti. "Akanionyesha simu."

Mkewe alimsogelea.

"Ukamwambia ni mwanao?"

"Alikuwa anacheka sana. Na wengine wapo, na wateja wapo."

"Ulimwambia, baba Pini?"

"Nilicheka," alisema.

Nyuma ya pazia kitanda kililia mara moja, kama mtu aliyegeukia ukutani. Baba alisikia. Alivua buti la kwanza, akaliweka chini polepole kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala.

Fundi akamweleza habari za fomu namba saba. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kosa hilo litaandikwa mahali.

"Litaandikwa, si ndiyo maana ya kukiri?"

"Sisi kila Desemba tunajazishwa karatasi. Kuna mtu wa nyumbani kwako aliyewahi kutiwa hatiani? Kwa mkono wangu nimeandika hapana, miaka tisa."

"Kwa hiyo nisikiri?"

"Sijasema usikiri."

"Unasema nini?"

"Kiri," alisema baba. "Ila mahali pa jina la mume, kama kuna njia, pawe wazi."

Dada yake alifungua mdomo, akamtazama kaka yake, akajifunga khanga yake vizuri, akaaga.

*

Jumanne mwalimu wa darasa alikuja mwenyewe, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozoea watoto hamsini. Alikataa kiti, kisha akakikubali.

"Mama Pini, na mimi nina dhambi yangu," alisema. "Wiki ile ya kwanza sikuwa najua kitu. Somo la hisabati, nikawaambia fungueni ukurasa wa sitini na moja. Darasa likalipuka. Nikakasirika, nikadhani wananicheka mimi. Nikapiga meza: nimesema sitini na moja! Mara tatu, mama. Nilipogeuka kumtazama yeye, alikuwa anakusanya madaftari yake."

"Hukujua, mwalimu."

"Sikujua. Lakini nilisema."

Pini alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amejifunga khanga ya mama yake kichwani mpaka kwenye nyusi, na alimwamkia mwalimu vizuri, kwa magoti, kama alivyolelewa.

"Mwanangu," mwalimu alisema, "wewe ni wa tatu darasani. Ijumaa njoo hata dakika moja. Nitafukuza watu wote uwanjani, mpiga picha nitamleta kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, upigwe, urudi nyumbani. Mengine tutayamaliza baadaye."

"Hiyo picha inakaa wapi, mwalimu?"

"Kwenye kompyuta za baraza la mitihani."

"Nani anaiona?"

"Wahusika tu."

"Na ile tulisema wataiona wateja tu," Pini alisema.

Hakusema kwa jeuri. Mwalimu alitazama mwavuli wake. Fundi alikuwa na mkasi mkononi, akauweka mezani, akamuuliza binti yake, "Nikiitoa kabla ya Ijumaa, utakaa kwenye kiti?"

"Ikitoka nitakaa."

"Kweli?"

"Ikitoka, mama. Sitaki iwe imepungua. Iwe haipo."

*

Wakili wa viapo alikuwa na meza kwenye korido, katikati ya mashine ya kutoa nakala na mtu anayeuza bahasha. Watu walipita wakigusa viti. Alikuwa na desturi ya kusoma kiapo chote kwa sauti kabla mtu hajatia saini, na aliisoma fomu namba saba kama tangazo la msiba, kila mpita njia akasikia.

"Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa makusudi, nilitoa taarifa ya uongo kuhusu umri, na nikamtumia mtoto kwa nia ya kujipatia faida. Ni kweli?"

"Faida gani, baba? Nilipata oda kumi na moja za sare."

"Faida ni faida, mama. Kumi na moja au moja."

"Na hapo pa makusudi. Mimi sikukusudia watu wamcheke."

"Hawakuulizi kuhusu kucheka. Wanakuuliza kuhusu mwaka. Mwaka uliuweka kwa kujua ni wako?"

"Nilijua."

"Basi ni makusudi. Inua mkono wa kulia."

Aliuinua. Mwenye bahasha aliacha kupanga bahasha zake. Mahali pa jina la mume wakili aliuliza, na fundi akasema, "Yupo kazini." Wakili akatia alama kwamba yupo, akaacha mstari wa jina wazi, kwa kuwa alikuwa na watu wengine saba wanaomsubiri.

Alifika dirisha la tatu saa tano na dakika hamsini na mbili, Jumatano. Ofisa mwenye mafua alipiga mhuri, akaandika saa kwa kalamu nyekundu. "Kuanzia sasa mwanao ni mtoto," alisema, akatabasamu, naye fundi akatabasamu kwa kuwa kijana alikuwa amefurahi kwa ajili yake.

Jioni alipiga magoti kati ya cherehani na kitanda, mahali pekee palipokuwa na nafasi ya magoti mawili. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Alisema, Mungu wangu, adhabu yangu nimeipokea, sasa mwachie mtoto. Akabaki hapo mpaka miguu ikafa ganzi, kwa sababu hakujua kama amesikiwa, na aliona vibaya kuondoka kabla ya kujibiwa.

*

Alhamisi saa tisa alasiri akaunti ilitoweka.

Pini ndiye aliyeona. Alikuwa akiifungua kila baada ya saa moja, na safari hii simu ikamwambia ukurasa huo haupo. Alitoka nyuma ya pazia bila khanga kichwani. "Mama, imekwenda." Fundi aliacha sindano katikati ya kola, akaja, akatazama ule ukurasa mweupe. Pamoja na video vilikuwa vimekwenda wateja wake wote, ujumbe wao, vipimo vya watoto wao, picha za miaka mitatu za magauni, lakini hakuwaza hayo. Alimshika binti yake kichwa, akasema, "Kalete kitana na mafuta. Huwezi kwenda kupigwa picha na kichwa hiki."

Alikuwa amesuka mistari minne pale wifi yake alipopiga hodi. Hakukaa. Alikuwa ameshika simu yake mbali na mwili, kama kitu kilichomwagikiwa.

"Wifi, mmesema imetoka?"

"Imetoka. Tumeiona wenyewe."

"Basi mbona nimetumiwa sasa hivi? Na kuna nyingine, wameweka wimbo mwingine."

Mikono ya fundi ilibaki kwenye nywele. Pini hakugeuka. Aliinuka taratibu, kitana bado kimemning'inia kichwani, akaenda nyuma ya pazia, akalivuta.

Fundi alikimbia na viatu vya ndani. Alikuta mlinzi anafunga geti la ofisi, akamsihi, akamsihi tena, mpaka ofisa mwenye mafua aliyekuwa akitoka akamtambua, akarudi naye ndani wakasimama gizani kwenye kaunta.

"Wamefuta ya kwanza, mama. Ndiyo sheria. Hizo nyingine ni nakala, ziko kwenye akaunti za watu wengine. Kila nakala ina mwenyewe, kila mwenyewe na fomu yake."

"Ziko ngapi?"

Aliwasha kompyuta, akangoja. "Tulizozipata leo, mia mbili na kumi na nne."

"Nipe fomu nijaze. Nitajaza usiku kucha."

"Kila fomu inataka kiungo cha video ya asili, ile anwani yake ya mtandaoni, kuonyesha kwamba imetoka kwenye akaunti ya mtoto."

"Si ile mliyoifuta?"

"Ndiyo ile."

Fundi alimtazama. Alikuwa mwanamke aliyezoea nguo iliyokatwa vibaya. Alijua kuna kosa linalofumuliwa na kuna kosa la mkasi.

"Hamkubaki nayo hata moja? Hata ya kuonyesha?"

"Sheria inakataa, mama. Inatakiwa ifutwe kabisa, hata sisi tusihifadhi. Ni kwa ajili ya kumlinda mtoto." Kijana alizima kompyuta, na kwa muda hawakuonana vizuri. "Kwenye semina nilinyoosha mkono, niliuliza kuhusu nakala. Wakasema swali zuri, tutalirudia baada ya chai."

"Mkalirudia?"

"Hapana."

Walitoka pamoja. Getini kijana alimwomba namba ya simu, akasema atajaribu, atamwandikia mkubwa wake. Alimwandikia kweli, usiku uleule. Mkubwa wake alikuwa likizo.

*

"Mwambie imetoka," wifi alisema asubuhi, kwa kunong'ona, mlangoni. "Akakae tu kwenye kiti, apigwe picha. Akishapata namba utamweleza. Atakusamehe."

"Nilishamdanganyia umri, wifi. Nisimdanganye na yeye."

Alimwambia binti yake yote: nakala, fomu, kiungo kilichofutwa. Pini alisikiliza akimalizia mwenyewe kusuka nywele zilizobaki, bila kioo. Baba alikuwa amepewa ruhusa ya muda wa saa mbili tu kazini, kwa hiyo alizungumza haraka.

"Mwanangu, nusu dakika. Funga pumzi kama unazama majini. Sitakuomba kitu kingine."

Pini alimtazama baba yake, ambaye alikuwa amecheka, na ambaye sasa alikuwa amevua kofia mbele yake. Akamhurumia. Akavaa sare.

Mwalimu alifanya kama alivyosema. Uwanja ulikuwa mtupu, madarasa yamefungwa milango. Katika ofisi ya mwalimu mkuu kitambaa cheupe kilibandikwa ukutani juu ya kalenda. Mpiga picha alikuwa mzee mchangamfu aliyewahi kupiga harusi nyingi na hakujua habari yoyote. Baba alibaki nje, kofia mkononi.

"Kaa hapa, mama mdogo. Mgongo wima. Cheka kidogo... aah, hapana, usicheke, hii ni ya serikali!" Alicheka mwenyewe. "Haya, nitazame."

Pini alifunga pumzi. Kamera ilipopanda, mikono yake ilipanda nayo ikafunika uso. Alionekana kushangaa kuiona hapo. Aliishusha, akaikalia.

"Hamna shida. Tena."

Safari ya pili mikono ilichomoka chini ya mapaja. Mwalimu wa darasa akaja akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili akiwa chini ya usawa wa kamera. Ndipo Pini akageuza kichwa. Hakulia. Alikigeuza mpaka kitambaa cheupe kikamgusa pua, na shingo yake ikakaza kiasi kwamba mshipa ulionekana.

"Mwanangu," fundi alisema.

"Najaribu, mama. Nataka. Hakitaki."

Mwalimu mkuu aliwaongezea muda aliokuwa nao. Alimwomba mpiga picha aongee habari nyingine. Akaongea za wajukuu wake. Walijaribu kwa simu ndogo, walijaribu dirishani. Saa sita kamili orodha kwenye kompyuta ilijifunga yenyewe, kila jina likiwa na uso pembeni, na pembeni ya jina moja kiboksi cha kijivu.

Kisha mwalimu mkuu, mtu mwenye haya, alivuta karatasi kutoka kwenye droo.

"Mama, hili nalifanya kwa sababu ya wakaguzi. Mwaka juzi mzazi mmoja alishtaki shule kwamba tulimnyima mwanawe mtihani. Tangu hapo mzazi anatakiwa atamke mbele ya mashahidi wawili. Mwalimu ni mmoja, na huyu mzee wa picha ni wa pili. Unasoma hapa, kwa sauti."

Fundi alisimama. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kwamba mtoto hakusajiliwa kwa sababu zisizotokana na shule. Kwamba yeye na familia yake hawatadai chochote kwa shule, kwa baraza la mitihani, wala kwa mtu mwingine yeyote. Alipofika hapo pa mtu mwingine yeyote alirudi akasoma tena, kwa kuwa alidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Akatia saini.

"Na la mwakani, mama," mwalimu mkuu alisema kwa upole. "Mstari wa chini. Unaahidi kumleta apigwe picha mwakani. Ndiyo inayomhifadhia nafasi darasani."

Pini alikuwa bado kwenye kiti, uso ukutani. Mabega yake, yaliyokuwa yameanza kushuka, yalipanda tena.

Fundi aliutazama mstari ule. Aliuona mwaka mzima, na mwisho wake aliona kiti kilekile, na hakuona kitu kati yake na leo kitakachofanya mikono ile ikae chini. Nje ya dirisha mumewe aliangalia saa, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha. Fundi alirudisha kalamu mezani.

"Huo siwezi kuusoma, mwalimu."

"Nafasi yake itapotea, mama."

"Nimeelewa." Hakumtazama mwalimu mkuu tena. Alimgeukia mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, na mzee wa picha, ambaye alikuwa ameivua kamera shingoni na hakujua aiweke wapi.

"Ninyi ndio mashahidi," alisema. "Basi sikieni. Mimi ni mama yake. Naahidi mbele yenu, na Mungu anasikia, kwamba sitamkalisha tena mtoto huyu mbele ya kamera asipotaka mwenyewe. Iwe yangu, iwe ya shule, iwe ya serikali. Wala mwakani."